Kutia Sahihi na Kukubali

Msomaji, katika maisha yako utatia sahihi mara nyingi. Utaitia chini ya barua ya kazi, chini ya stakabadhi ya fedha, chini ya cheti cha ndoa, na pengine chini ya hati ya shamba. Kila mara, watu watakaoitazama sahihi yako watasema ya kuwa uliyakubali maneno yaliyoandikwa juu yake. Desturi hii ni njema. Pasipo desturi hii biashara ingalikuwa ugomvi, na ahadi zingalikuwa upepo. Lakini liko jambo moja ambalo karatasi haiwezi kulisema. Karatasi husema ya kuwa mtu fulani alitia sahihi. Haisemi kama mtu huyo angaliweza kukataa. Baina ya kutia sahihi na kukubali ipo nafasi, na katika nafasi hiyo dhuluma nyingi za ulimwengu zimepita zikiwa zimevaa nguo za sheria.

Nataka tulifikiri jambo hili kwa kutazama picha moja.

Picha yenyewe ilipigwa Washington, mji mkuu wa Marekani, tarehe 20 Mei 1948. Mtu mmoja ameketi penye meza, anatia sahihi katika hati. Watu wengine, waliovaa suti na tai, wamesimama kuizunguka meza hiyo. Mmoja wao, aliye upande wa kushoto wa picha, ameinamisha kichwa na kuufunika uso wake kwa mkono. Analia.

Aliyeketi ni J. A. Krug, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani wakati huo. Wizara yake ndiyo iliyosimamia ardhi za serikali, na hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mlezi wa mambo ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Anayelia ni George Gillette, mwenyekiti wa baraza la makabila matatu yaliyoungana, yaani Wamandan, Wahidatsa na Waarikara, wakazi wa rizavu ya Fort Berthold katika jimbo la North Dakota. Hati iliyo mezani ni mkataba wa kuiuzia serikali ardhi iliyokuwa bora kuliko zote walizobakiwa nazo, ili izamishwe chini ya maji ya bwawa. Siku ile Gillette alisema ya kuwa baraza lake lilikuwa likitia sahihi kwa huzuni kuu, na ya kuwa mambo ya mbele hayakuonekana kwao kuwa mema.

Kama picha hii isingalipigwa, hati peke yake ingalibaki. Mtu wa miaka ya baadaye angaliitoa kabatini, angaliziona sahihi za pande mbili, kisha angalisema: Hapana neno hapa, waliuza, wakalipwa. Picha ndiyo shahidi anayesimama kando ya hati na kusema: Ngoja kwanza.

Na tungoje basi, tuulize habari za watu hawa. Hawakuwa wageni katika nchi ile. Kwa karne nyingi waliishi kandokando ya mto Missouri, wakilima mahindi, maharagwe na maboga katika udongo wenye rutuba ulioletwa na mto wenyewe. Katika majira ya baridi ya mwaka 1804 na 1805, msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuichunguza nchi ya magharibi, ulipiga kambi jirani na vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, na chakula cha wenyeji hao kiliwasaidia wageni kuishi mpaka theluji ilipoyeyuka. Mwaka 1837 maradhi ya ndui yaliingia katika vijiji hivyo, na Wamandan waliosalia hawakutimia 200. Walionusurika wakaungana na majirani zao ili wasipotee kabisa. Mwaka 1851, katika mapatano ya Fort Laramie, serikali ya Marekani ilikiri ya kuwa nchi ya makabila haya matatu ilikuwa zaidi ya ekari milioni 12. Kisha ikaja amri moja baada ya nyingine, na kila amri ilikata kipande. Ilipofika karne ya 20 ilikuwa imebaki chini ya ekari milioni 1.

Hata hivyo, katika hicho kilichobaki, walijitengenezea maisha. Bonde la mto liliwapa shamba la kulima, majani ya ng'ombe wao, kuni za kuota moto, na miti ya kuwakinga na pepo kali za nchi ile yenye baridi. Katika bonde hilo kulikuwa na mji wao mdogo wa Elbowoods, wenye shule na hospitali. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa ombaomba.

Mwaka 1943 mto Missouri ulifurika na kuharibu mashamba na miji iliyo mbali huko chini ya mto. Mwaka 1944 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kujenga mabwawa makubwa, na moja la mabwawa hayo, lililoitwa Garrison, likawekwa mahali ambapo maji yake yangelifunika bonde la Fort Berthold. Yapasa tuseme kweli juu ya bwawa hili. Halikujengwa kwa chuki, wala halikuwa la bure. Mabwawa huzuia mafuriko, hutoa umeme, na huweka akiba ya maji. Watu waliopotewa na mali kwa mafuriko walikuwa watu wa kweli, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Kama dhuluma ingalikuwa kazi ya watu waovu peke yao, dunia ingalikuwa rahisi kutengeneza. Ugumu ni kwamba dhuluma kubwa aghalabu huja imeandamana na kazi njema, nayo hutembea kivulini mwa kazi hiyo.

Makabila yale yalisema hapana. Baraza lao lilipinga mpango huo, nalo likatoa shauri jingine: lilionyesha mahali pengine pa kujenga bwawa, ndani ya rizavu yao wenyewe, na kuwa tayari kupatoa bila malipo. Shauri hilo halikupokewa. Likafuata shauri la kubadilishana, kwamba wapewe ardhi nyingine iliyo sawa na ile itakayozama. Ikatafutwa ardhi, na Waziri Krug mwenyewe aliona ya kuwa iliyopatikana haikuwa sawa. Basi ardhi kwa ardhi ikashindikana, ikabaki fedha kwa ardhi, na kiasi cha fedha kikatajwa na mnunuzi: dola 5,105,625. Wakati wa maneno hayo yote, kazi ya ujenzi ilikuwa imekwisha kuanza. Na nyuma ya maneno hayo ilikuwako nguvu ya sheria, ambayo kwayo serikali ingaliweza kuitwaa ardhi hata kama baraza lingekataa mpaka mwisho.

Sasa twaweza kulirudia swali letu. Je, watu hawa walikubali?

Fikiri ya kuwa mtu amekuja nyumbani kwako na vibarua vyake, nao wamekwisha kuanza kuling'oa paa. Wewe ungali ndani pamoja na watoto. Mtu huyo anakuletea karatasi na kusema: "Nitakupa fedha kiasi hiki. Ukitia sahihi utazipata leo. Usipotia, paa litang'olewa vivyo hivyo, na fedha utakwenda kuzitafuta mahakamani." Ukitia sahihi, umekubali nini? Umekubali kupokea fedha. Hukukubali kung'olewa paa, maana jambo hilo hukuulizwa. Uliulizwa jambo dogo lililofuata baada ya jambo kubwa kwisha kuamuliwa, kisha jibu lako katika dogo likaandikwa kuwa ni jibu lako katika kubwa.

Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile huko Washington. Wahenga walisema: Mwenye nguvu mpishe. Methali hii hufundisha namna ya kujiokoa, lakini haisemi ya kuwa mwenye nguvu ana haki. Anayempisha mwenye nguvu njiani hakumpa njia, amejiponya tu.

Pengine utasema, msomaji, ya kuwa Gillette angefanya vema kukataa kutia sahihi, na kuiacha serikali itwae kwa nguvu mbele ya macho ya watu wote. Yapasa tuwe waadilifu kwake. Mtu anayejibu kwa ajili ya nafsi yake aweza kuchagua hasara ili alinde heshima. Kiongozi anayejibu kwa ajili ya wajane, wazee na watoto wachanga hana uhuru huo wote. Akikataa, heshima yake yaweza kubaki, na watu wake wakaingia majira ya baridi bila nyumba na bila senti. Akitia sahihi, watu watapata kitu cha kuanzia maisha, na yeye atabaki na mkono uliotia sahihi. Huu ndio ukatili wa pili wa dhuluma. Ukatili wa kwanza ni kumnyang'anya mtu mali yake. Wa pili ni kumlazimisha aweke mkono wake mwenyewe katika unyang'anyi huo, ili kesho aambiwe: Mbona ulikubali?

Liko neno moja zito ambalo hutolewa kuitetea kazi kama ile, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa ya kuwa mema ya wengi yapita mema ya wachache. Mamia ya maelfu wataokoka na mafuriko. Mamia ya familia watahama. Je, hesabu hii haitoshi?

Kwanza, na tuitazame hesabu yenyewe ilivyofanywa. Juu ya mto, mbali na rizavu, ulikuwako mji wa Williston, ambao haukuwa wa makabila yale. Maji ya bwawa hilo hilo yangeuhatarisha mji huo. Wahandisi wa jeshi walipoliona jambo hili walibadili mipango yao ili Williston uokoke. Kwa Elbowoods hawakubadili neno. Basi hatuwezi kusema ya kuwa maji hayakuwa na budi kwenda yalikokwenda. Maji hufuata ardhi, lakini mahali pa kujengea ukuta na kimo cha ukuta huchaguliwa na watu, na hawa walikuwa wamejua kuchagua pale walipotaka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mara nyingi tunaposema "wachache hawana budi kuumia kwa ajili ya wengi," huwa tumekwisha kujua ni wachache gani, nao huwa wale wale walioumia jana na juzi.

Pili, hesabu ya wengi na wachache husahau kuuliza ni nani atakayepokea mema na ni nani atakayebeba mzigo. Mtu akijitolea mali yake kwa ajili ya jirani zake, huo ni ukarimu. Jirani wakiichukua mali yake kwa ajili yao wenyewe, jambo hilo lina jina jingine, hata kama jirani ni wengi na mali ni chache. Wingi wa watu hauwezi kukigeuza kitu kilichotwaliwa kuwa zawadi. Kama kweli kazi fulani ni ya manufaa kwa taifa zima, basi na taifa zima liulipe mzigo wake, na yule anayeombwa kutoa zaidi ya wengine awe wa kwanza kuulizwa na wa kwanza kufaidi.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mwaka 1949 Bunge la Marekani liliongeza dola milioni 7.5 juu ya zile za kwanza. Mwaka 1953 bwawa likafungwa, na maji yakaanza kupanda. Zaidi ya ekari 150,000 za rizavu zikazama, nazo zilikuwa na asilimia 94 ya ardhi yao ya kilimo. Familia zipatazo 325, ambazo ni sehemu kubwa ya wakazi wote, zikahama kwenda nyanda za juu zenye upepo, ambako maji ni ya kuchimbwa na udongo hauna rutuba ile. Elbowoods ikazama pamoja na hospitali yake, na miaka mingi ikapita kabla ya watu kujengewa nyingine. Ziwa refu likaikata rizavu vipande vipande, hata ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa miguu wakawa hawana njia ila kuzunguka safari ndefu. Ziwa hilo likaitwa Sakakawea, kwa jina la mwanamke aliyeishi miongoni mwa Wahidatsa, akafuatana na msafara wa Lewis na Clark na kuwasaidia. Jina la mwanamke huyo liliheshimiwa, na mashamba ya watu aliokaa nao yamelala chini ya jina hilo.

Mwaka 1992, miaka 44 baada ya picha yetu, Bunge la Marekani lilikiri ya kuwa malipo ya kwanza hayakuwa ya haki, likaamuru makabila hayo yapewe dola milioni 149.2 zaidi. Fikiri juu ya tofauti ya hesabu hizi mbili. Kama bei ya mwaka 1948 ingalikuwa bei iliyopatana baina ya watu wawili walio huru, isingalihitaji kusahihishwa kwa kiasi kikubwa hivyo. Bei ambayo muuzaji hana ruhusa ya kuikataa si bei. Ni hesabu ya dhamiri ya mnunuzi, nayo dhamiri huwa na mkono mfupi inapolipa kutoka mfukoni mwake. Na katika watu waliokuwa wazima siku ile ya 1948, wengi walikuwa wamekwisha kufa walipokumbukwa.

Sasa na tuyarudie machozi yenyewe, maana yako hatari mbili katika kuyatazama.

Hatari ya kwanza ni kudhani ya kuwa machozi ndiyo yaliyofanya tendo lile kuwa dhuluma. Sivyo. Kama Gillette angalisimama na uso mkavu, mikono nyuma, kama wengine walivyosimama, tendo lingalikuwa lile lile. Wahenga wanasema ya kuwa machozi ya samaki huenda na maji. Katika kila bara wako watu walioondolewa katika nchi zao bila mpiga picha kuwapo, na wako waliotia alama ya kidole gumba bila kutoa hata kilio, kwa kuwa katika mila zao si adabu mtu mzima kulia mbele ya wageni. Mwenye kungoja aone machozi ndipo aamini ya kuwa pana dhuluma, atawaamini wachache na kuwaacha wengi.

Hatari ya pili ni huruma. Huruma ni mwanzo mwema, lakini ni mwisho mbaya. Mtu aweza kuitazama picha hii, akasikitika, akageuza ukurasa, na moyoni mwake akajiona mwema kwa kuwa alisikitika. Huruma huuliza: Huyu anahisi nini? Haki huuliza: Huyu alikuwa na nini, nani alikichukua, kwa ruhusa gani, na chaweza kurudishwaje? Haiwezekani hata kidogo kuondoa maji juu ya Elbowoods kwa kusikitika.

Pengine wewe, msomaji wa Kenya, ulipoitazama picha hii ulijiweka mara moja mahali pa yule anayelia. Una sababu. Nchi yako nayo ina hati za namna hii. Mwaka 1904 viongozi wa Wamasai waliweka alama zao katika mapatano na Waingereza, wakaondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa ili nafasi ipatikane kwa walowezi, na sehemu yao wakapelekwa Laikipia. Ahadi iliyoandikwa ilikuwa ya kwamba mapatano yale yangedumu muda wote ambao Wamasai wangekuwako. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 hati nyingine ikaandikwa, na wale wa Laikipia wakatakiwa wahame tena kwenda kusini. Wamasai wengine, Ole Njogo akiwa mbele yao, walilipeleka jambo hilo mahakamani mwaka 1913. Mahakama ikasema ya kuwa hati zile zilikuwa mapatano baina ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya nchi haina uwezo wa kuyahukumu. Liangalie neno hili kwa makini. Walipotakiwa kutoa ardhi, Wamasai walihesabiwa kuwa taifa lenye uwezo wa kutia sahihi. Walipotaka kudai ardhi, utaifa ule ule ukawa ndio mlango uliofungwa mbele ya uso wao.

Kwa hiyo ni haki yako kujiona katika uso wa anayelia. Lakini picha ile ina watu wengi, na haitoshi kuchagua mahali pamoja. Tangu mwaka 1963 meza ya serikali imekuwa yetu, na kalamu iliyo juu ya meza imekuwa yetu. Katika miaka ya 1970 jamii ya Waendorois iliondolewa kandokando ya Ziwa Bogoria ili pawe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi ya kuwa haki zao zilivunjwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua ya kuwa Kenya iliwakosea Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, na ya kuwa kazi ya kuuhifadhi msitu haikutosha kuwa sababu ya kuwafukuza. Hifadhi ya wanyama ni jambo jema. Kuulinda msitu ni jambo jema. Bwawa la Garrison nalo lilikuwa na mema yake. Huenda wewe msomaji u mmoja wa jamii hizo, nawe walijua jambo hili kuliko niwezavyo kulieleza. Lakini kama hu mmoja wao, jiulize kwa unyofu: katika picha ya nchi yako, wewe umesimama wapi?

Tarehe 13 Septemba 2007 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio juu ya haki za watu wa asili. Azimio hilo lasema ya kuwa watu hao wasiondolewe kwa nguvu katika nchi zao, wala wasihamishwe pasipo ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema, na iliyo na ujuzi wa mambo. Marekani ilikuwa miongoni mwa nchi 4 zilizolikataa azimio hilo siku ile, ijapokuwa mwaka 2010 ilibadili msimamo wake. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 11 ambazo hazikulikubali wala hazikulikataa.

Maneno yale matatu, huru, mapema na ujuzi, yanafaa kuchukuliwa moyoni na kila mtu, hata asiye na ardhi ya kuuza. Kila unapoona hati yenye sahihi ya mnyonge na sahihi ya mwenye nguvu, uliza maswali matatu. Kama mnyonge angalisema hapana, je, hapana yake ingalizuia jambo? Je, aliulizwa kabla ya jembe la kwanza kuchimba, au baada ya kazi kuanza? Je, alielezwa yote aliyopaswa kujua, kwa lugha anayoielewa, na kupewa muda wa kushauriana na wenziwe? Jibu likiwa hapana, hata katika swali moja, basi hati ile ina sahihi na haina ridhaa.

Maswali haya si ya mawaziri peke yao. Siku moja utakuwa mkuu wa kazi, na mtumishi asiye na pengine pa kwenda atakubali mshahara utakaomtajia. Utakuwa mnunuzi wa shamba, na mjane mwenye deni la hospitali atakubali bei yako. Utakuwa mzazi, au mwalimu, au mwenyekiti wa kamati ya kijiji, na watu watakuitikia ndiyo kwa sababu hawathubutu kusema hapana. Siku hiyo hapatakuwapo mpiga picha, na huenda anayetia sahihi asilie. Iweke kalamu chini kwanza, umwulize: Je, ukikataa, utakuwa salama? Kisha usubiri jibu lake, ukiwa tayari kulifuata.